Mashine ya kuchana nguo au meza ya kukatia? Jibu kwa mafundi wa Magomeni, Mtwara

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha akina mama saba hapa Mtwara mjini, upande wa Magomeni. Tuna cherehani tano na ovaloki moja. Tunashona sare za shule na magauni ya vitenge, na wawili wetu wanauza pia mitumba. Kila wiki tunabaki na magunia mawili matatu ya vipande na nguo zilizogoma kuuzika, tunachoma nyuma ya nyumba. Kuna kijana ametuletea habari za uchumi wa mzunguko wa nguo. Anataka tuchange, tukope na halmashauri, tununue mashine ya kuchana nguo zirudi kuwa uzi, tuuze viwandani. Je, kuna ukweli? Na kama si mashine, tuanzie wapi?"

Marahaba, dada. Nianze na la pesa, maana nahisi ndilo linalowaumiza kichwa: hiyo mashine msinunue. Simwiti kijana wenu tapeli. Mashine anazozisema zipo, zinafanya kazi, na kuna miji mizima inakula kwazo. Ila zinalishwa nguo za aina ambayo ninyi hamnayo, na mteja wake Mtwara hayupo.

Mji wa Panipat, kaskazini mwa India, unajulikana kwa kazi hiyo. Masweta na makoti yaliyochoka kutoka nchi za baridi hushuka kwa makontena, hupangwa kwa rangi, huchanwa, kisha husokotwa upya kuwa mablanketi. Prato, Italia, wanafanya hivyo tangu karne ya 19. Hata kabla yao, mwaka 1813 huko Batley, Uingereza, Benjamin Law alichanganya sufu iliyochanwa na sufu mpya akapata kitambaa kinachouzika. Kazi ni ya zamani.

Sasa tazama: wote hao walianzia kwenye sufu, ile ya kondoo, si sufi ya kujazia mito ya kulalia. Sufu ina unywele mrefu, na nguo nyingi za sufu za zamani hazikuchanganywa na kitu kingine. Zikipangwa kwa rangi kabla ya kuchanwa, hata kutia rangi upya si lazima. Nyekundu inazaa nyekundu. Kwa joto la Mtwara, nani atawaletea gunia la masweta?

Gunia lenu lina pamba na tetroni, yaani pamba iliyochanganywa na poliesta. Fanyeni jambo moja mkiwa mmekaa jioni. Chukueni khanga iliyochakaa, mchomoe uzi mmoja, muushike ncha mbili, muuzungushe kinyume na msokoto wake mpaka ulegee. Utafumuka uwe vinywele vyembamba. Pamba ya kawaida ikiwa mpya ina unywele wa kama milimita 25 hadi 30, na uzi unashikana kwa sababu vinywele hivyo vimekumbatiana kwenye msokoto. Kadiri unywele unavyokuwa mrefu ndivyo unavyoshika. Mashine ya kuchana ina ngoma yenye meno. Inapasua kitambaa, na katika kupasua inakata vinywele. Kinachotoka ni pamba fupi na vumbi jingi, ambayo peke yake haisokoteki uzi wa maana mpaka ichanganywe na pamba mpya. Na kwa kawaida unapata uzi mnene, wa kufumia kitu kizito, si wa shati la mwanafunzi.

Hiyo ni pamba tupu. Tetroni ya sare ni shughuli nyingine kabisa, kwa sababu pamba na poliesta zimesokotwa ndani ya uzi mmoja, na meno ya chuma hayajui kuzitenganisha. Mkitaka kujua mna nini mkononi, lipo jaribio la mafundi wa zamani. Tokeni nje, wekeni bakuli la maji karibu, shikeni kipande kidogo kwa kibano (si kwa vidole), mkiwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, inaacha jivu jepesi la kijivu linalopukutika. Poliesta inajikunja kuukimbia moto, inayeyuka, inadondoka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki kishanga kigumu cheusi. Mchanganyiko unaungua kama pamba lakini ukipapasa jivu unakuta vishanga. Onyo: tone la poliesta likidondokea ngozi linaganda hapohapo. Na huo moshi mweusi ndio mnaouvuta kila wiki nyuma ya nyumba, ninyi na watoto wenu. Hilo la kuchoma acheni leo, hata kabla ya kufikia uamuzi wa mengine.

Umbali nao. Vinu vya kusokota uzi viko Dar es Salaam na mikoa ya juu, kusini hakuna. Pamba yenyewe inalimwa zaidi Kanda ya Ziwa, Simiyu na Shinyanga huko, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa pamba ghafi. (Kwetu pamba ililetwa kwa viboko, na wakulima walipong'oa mashina yake Nandete, Umatumbi, Julai 1905, Vita vya Majimaji vikaanza. Leo tuna korosho na ufuta.) Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Pamba iliyochanwa ni nyepesi na inajaza gari upesi, kwa hiyo mtalipia usafiri wa hewa.

Wenye mitaji mikubwa wenyewe wameteleza. Kampuni ya Renewcell ya Sweden ilijenga kiwanda Sundsvall cha kuyeyusha nguo za pamba zirudi kuwa malighafi ya uzi mpya. Teknolojia ilifanya kazi, oda hazikutosha, na Februari 2024 ikaomba kufilisiwa kabla ya kununuliwa na wengine. Duniani kote, nguo zinazorudi kuwa nguo mpya hazifiki hata asilimia 1 ya malighafi inayotumika kutengenezea nguo. Na lile neno "poliesta iliyorejelezwa" mnaloliona kwenye lebo, karibu yote inatoka kwenye chupa za plastiki, si kwenye nguo.

Nikueleze kwa lugha ya korosho, maana hapo Mtwara hakuna asiyeielewa. Mbanguaji anapopata korosho nzima nyeupe, haivunji ili aiuze kama vipande. Nzima ina bei yake, nusu ina bei yake, chenga zina bei yake, na ganda nalo linakamuliwa mafuta. Anayevunja nzima kwa makusudi mtamwita mwendawazimu. Mashine ya kuchana inavunja korosho nzima. Shati linalovalika ni nzima. Shati linalohitaji kiraka ni nusu. Kipande cha kiganja ni chenga. Mzunguko maana yake kitambaa kikae kwenye daraja la juu kadiri kinavyoweza, kishuke ngazi moja moja, na kila ngazi imlipe mtu.

Bibi zetu hawakuwa na jina la jambo hili. Doti mpya ya khanga ilikuwa ya harusini na msibani. Ikipauka, ya nyumbani. Ikilainika, mbeleko, kisha nepi ya kichanga, kwa sababu khanga kuukuu hunyonya kuliko mpya. Ikichanika, tambara la kushikia sufuria, na kipande cha mwisho kikasokotwa kata ya kuwekea ndoo kichwani. Hapo kimepita ngazi sita bila mashine.

Basi turudi kwenye banda lenu. Pesa yenu ya kwanza haiko ndani ya gunia. Iko kwenye meza ya kukatia, kabla kipande hakijawa taka. Katika ushonaji wa nguo, kitambaa kinachopotea kwenye kukata ni kama asilimia 10 hadi 20. Viwanda vinavyopanga mikato kwa kompyuta vinakaa upande wa chini, na fundi anayekata nguo moja moja mteja anapofika anakaa upande wa juu, wakati mwingine anauvuka. Tuseme jora lina mita 50 na mnapoteza asilimia 15. Mita saba na nusu mmezilipia, mmezibeba, halafu mmezichoma. Mkishuka hadi asilimia 10 mmeokoa mita mbili na nusu, ambazo ni mashati mawili ya mtoto wa shule ya msingi. Kwa kila jora.

Mnashukaje? Kwa kukata kwa mafungu. Sare zina neema ambayo vitenge havina: rangi moja, hazina juu wala chini ya picha, na oda mnazijua mapema. Kusanyeni oda za wiki nzima. Chongeni karatasi ngumu za kukatia kwa kila saizi, muandike saizi na mwelekeo wa uzi. Tandazeni kitambaa, wekeni kwanza vipande vikubwa, yaani migongo na vifua vya saizi kubwa, kisha mchomeke saizi ndogo kwenye mapengo. Kola, mifuko na mikanda ya kiunoni viwe vya mwisho, kwenye kingo. Chaki kwanza, mkasi baadaye. Na asishike mkasi mtu mpaka mwingine amehesabu vipande. Mimi niliwahi kukata fungu zima la mikono ya kushoto, ishirini na nne, bila wa kulia hata mmoja. Tajiri wangu wa wakati huo alizipanga mezani kimya kimya, akaniacha nizitazame hadi jioni.

Kitenge ni kigumu zaidi, hasa chenye ndege au maua yanayotazama upande mmoja. Hapo mtapoteza tu, lakini mabaki yake ndiyo yenye soko, nitafika huko.

La pili kwenye sare: achieni upindo. Sketi na kaptura ikiwa na sentimita tano au sita za ziada zilizokunjwa ndani, mzazi anairudisha mwakani mnaishusha kwa ada ndogo. Najua fundi mwingine atasema anajikosesha mauzo. Mimi naona kinyume. Mzazi anayerudi kushusha upindo ndiye anayemleta mdogo wake kushonewa mpya. Ongezeni hapo kupokea sare zilizowabana wenyewe: nunueni kwa bei mliyokubaliana, fueni, badilisheni zipu na vifungo, geuzeni kola iliyochakaa, muiuze kwa bei ya chini ya mpya. Hii ndiyo biashara halisi ya mzunguko ambayo Mtwara inaiweza, kwa sababu sare za shule moja zinafanana na watoto wanakua kila mwaka. Na kalenda inawapendelea. Pesa ya korosho inaanza kuingia Oktoba, shule zinafunguliwa Januari. Nunueni sare zilizochoka kipindi cha ukata, Mei hadi Agosti, mzazi anapotafuta hela ya chumvi. Rekebisheni taratibu, wekeni tayari msimu ukifika.

Sasa magunia. Shida yenu si wingi wa vipande, ni kwamba vimelala pamoja. Mpeleke mkulima ghalani na korosho zilizochanganyika na mawe, uone atakavyorudishwa akachambue upya. Tundikeni mifuko mitatu chini ya meza ya kukatia, na kila kipande kiingie panapostahili kikianguka, si mwisho wa wiki mkiwa mmechoka.

Mfuko wa pamba tupu ndio wa thamani. Vilivyozidi kiganja ni mifuko ya ndani, bitana ya mkanda, nguo za watoto wachanga. Vya vitenge vinashonwa mifuko ya sokoni. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, mfuko wa kitambaa umekuwa bidhaa, na wa kitenge wa viraka unaweza kumvutia mgeni anayepita Mikindani. Vilivyo chini ya hapo, kateni mistatili muuze kwa kilo kwa gereji, mafundi wa mashua na viwanda vya kubangua korosho. Matambara ya kufutia mafuta yanahitajika kila siku, na watu hao wanayanunua. Lakini iwe pamba kweli. Poliesta hainyonyi vizuri kama pamba, na fundi wa gereji mkimdanganya mara moja hamtamwona tena.

Wengi hushauriwa kushona sodo za kufua kutokana na vipande. Ni wazo zuri kwa pamba mpya safi, na muulize kwanza TBS, shirika la viwango, masharti yake. Kwa nguo za mitumba, hapana. TBS inakataza hata kuuza nguo za ndani za mitumba, na hili liko karibu zaidi na mwili.

Mfuko wa tetroni na poliesta: vipande vidogo vinakatwakatwa kujazia mito ya viti na vitanda vya mbwa. Kwa mto wa kulalia mtu, sufi ya miti yetu inawashinda na sitawadanganya kwamba mtaishinda. Mfuko wa tatu, jinzi na vitambaa vizito: aproni, mabegi ya vifaa, viraka vya magoti. Vifungo na zipu vikatwe kabla nguo haijaingia mfuko wowote. Nguo moja iliyokufa inaweza kuwa na vifungo saba hai.

Kwa wenzenu wawili wa mitumba. Belo la kilo 45 mnalinunua limefungwa, pata potea, mbuzi kwenye gunia. Zilizochanika, zenye madoa, makoti ya theluji, yote yamepimwa kwenye mizani na yote mmeyalipia. Huu ndio ubovu mkubwa wa mnyororo mzima kwa maoni yangu. Nguo inapita mikono mingi tangu sanduku la msaada huko Ulaya, kila mmoja anachukua faida yake, na hasara inasubiri mpaka belo lifunguliwe kwenye turubai la mama mmoja Mtwara. Ufaransa tangu 2007 inawatoza wazalishaji ada ya kushughulikia nguo zikichakaa, lakini hiyo ada haisafiri na belo. Nguo inakuja kwenu, ada inabaki kwao.

Mambo yanasogea, hata hivyo. Tangu Januari 1, 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine, na mwaka huohuo zikapitisha sheria kwamba kila nchi iwatoze wazalishaji kama Ufaransa. Kampuni kubwa zinakatazwa kuteketeza nguo zisizouzika kuanzia Julai 19, 2026. Tafsiri yangu ni kwamba nguo zitakazotafuta pa kwenda zitaongezeka, na bora na mbovu zitakuja pamoja. Wanaandaa pia pasipoti ya kidijitali ya bidhaa. Ifikirieni kama stakabadhi ghalani, ile iliyoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007: karatasi inayosema mzigo umetoka wapi, ni wa daraja gani, umepita ghala lipi. Siku nguo nazo zikija na stakabadhi ya kweli, mtaweza kumwambia muuza belo arudishe hela. Kwa sasa, silaha yenu ni daftari. Kila belo mkifungua, andikeni jina la aliyewauzia, jumla ya nguo, ngapi zimeuzika kama zilivyo, ngapi zimehitaji sindano, ngapi zimekufa. Baada ya mabelo matano au sita mtajua nani wa kumkimbia. Tena ninyi mna kitu ambacho wauza mitumba wengi hawana, cherehani. Zipu mbovu inayomfanya jirani apige mnada kwa bei ya kutupa, kwenu ni kazi ya dakika kumi. Neno "machinga" nchi nzima imelipata kwa watu wa huku kusini, Wamachinga wa Lindi, ndivyo wengi wanavyoeleza. Kuzunguka na nguo mnajua. Kuitengeneza kabla ya kuzunguka ndiko kunakoongeza bei.

Kuhusu mkopo wa halmashauri: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini deni ni deni. Mkikopa, kopeni meza ndefu ya kukatia, mkasi mzuri, mizani na ovaloki ya pili. Vyote hivyo vinajilipa kwa sare mnazoshona tayari. Na VETA, chuo cha ufundi, Mtwara wapo. Mmoja wenu akijifunza vizuri kuchora vipimo, atawafundisha sita waliobaki.

Kijana wenu msimfukuze. Mwiteni, mumpe chai, mumuulize mambo matatu. Kiwanda gani kitanunua pamba iliyochanwa, na awaoneshe barua yao yenye bei kwa kilo. Kilo ngapi za pamba tupu, tetroni ikiwa imetolewa, mashine inahitaji kwa siku ili isilale. Na nani atainoa na kubadilisha meno yake yakiisha, kwa spea kutoka wapi. Huku mkimsubiri, pimeni mifuko yenu mitatu kila Jumamosi kwa mwezi mmoja, muandike. Akileta majibu yote kwa maandishi, na kilo zenu zikafikia anazotaka, niandikieni tena. Mimi niko Lindi, mwendo wa saa mbili tu, nitakuja kuiona hiyo mashine kwa macho yangu.